Toa Sauti za Watoto

Neno lililomtia Mwalimu shimoni lilikuwa dogo, la kutamkwa hata na mtoto ambaye meno bado: toa. Alikuwa nalo mdomoni kutwa nzima. Toa madaftari. Toa viatu mlangoni. Toa sauti, mwanangu, usiogope. Na siku alipomwandikia Mawimbi ujumbe aliandika vilevile, harakaharaka, amesimama, chai inapoa mezani: Kaka, naomba utoe sauti zote za watoto, halafu ile rekodi ya awali mzee Kifungu aiharibu kama sheria inavyotaka. Akatuma. Akanywa chai yake na kusahau.

Mawimbi alikuwa mhadhiri wa fizikia, na jina hilo alipewa na wanafunzi kwa sababu hakuna kitu ambacho kwake hakikuwa wimbi, iwe mwanga, iwe mlango unaogongwa, iwe mke wake akigomba. Kifungu alikuwa mzee wa kitivo cha sheria. Ukimuuliza choo kiko wapi atakujibu, lakini kwanza atakutajia kifungu kinachokupa haki ya kwenda. Hawa wawili, pamoja na idara ya elimu ya muziki aliyotoka Mwalimu mwenyewe, ndio waliokuwa wakisimamia utafiti wake. Chuo kilijigamba nao sana. Utafiti wa fani tatu! Kwenye mikutano viongozi waliutaja hata wale wasiojua unahusu nini.

Nao ulihusu watoto wenye kigugumizi. Katika shule moja ya msingi kulikuwa na chumba kilichokuwa stoo ya viti vibovu. Mwalimu alikisafisha, akaingiza piano kuukuu yenye meno ya njano, akakusanya watoto ambao wenzao waliwacheka hata wakisema "nipo" wakati wa kuitwa majina. Bintiye mwenyewe alikuwa mmoja wao. Mwalimu alibonyeza kitufe kimoja cha piano, kisha akanyamaza. Hasemi neno, hapungi mkono. Mtoto anasubiri, anasubiri, halafu anaanza kuimba mwenyewe, na maneno yaliyokuwa yamekwama kama mwiba kooni yanateremka bila kujikwaa. Hilo ndilo alilogundua, na hilo ndilo aliloliandika kurasa kwa kurasa: kwamba mtoto huyu hahitaji kusukumwa, anahitaji mtu mzima anyamaze. Fizikia ilipima sauti inaanzia wapi na kwa uthabiti gani. Sheria ikauliza sauti ya mtoto ni mali ya nani. Tasnifu yote aliipa jina Ukimya wa Mwalimu.

Sasa jopo la watahini lilikuwa limesema: tumesoma, ni maneno mazuri, lakini Ijumaa tunataka kuwasikia hao watoto kwa masikio yetu. Bila hivyo kazi inaanguka. Muda wa nyongeza alishaula wote, na wa nyongeza juu ya nyongeza pia. Akianguka anafutwa chuoni, na chumba cha piano, kilichoazimwa kwa kibali cha utafiti, kinarudi kuwa cha viti vibovu.

Ndiyo maana Jumanne alikwenda maabara kwa Mawimbi kuchukua sauti zake. Alikaa mbele ya kompyuta, akabonyeza, akasikiliza. Benchi lililia. Kitufe cha piano kiligonga. Kikafuata kimya, nje gari likapita. Benchi tena.

"Hii ni nini?" akauliza.

"Kazi yako, dada." Mawimbi alikuwa akimenya chungwa kwa furaha. "Safi kama ulivyotaka."

"Watoto wako wapi?"

"Nimewatoa."

"Ndiyo, umewatoa. Wako wapi?"

"Dada, nimewatoa. Hawapo."

Mwalimu aliondoa vile visikilizio vya masikioni polepole. "Mimi nilisema uwatoe."

"Nikawatoa."

"Uwatoe nje! Watoke kwenye makelele, wasikike!"

"Sasa dada, mtu akikwambia toa takataka, unaziweka sebuleni zisikike?" Lakini chungwa lilikuwa limesimama njiani kwenda mdomoni. "Ngoja kwanza. Mzee Kifungu si ndiye alikuwa kila wiki anatuandikia sauti ya mtoto ni utambulisho, sauti ya mtoto ilindwe? Nikasema ahaa, ndiyo hivyo, sauti ziondolewe. Na utafiti wenyewe unaitwaje? Ukimya! Nikasema dada anataka ukimya, acha nimpe ukimya. Ujue kazi ile ilinitoa jasho."

"Ilikutoa jasho," Mwalimu akarudia, na wote wawili wakalisikia lile neno, wala hapakuwa na aliyecheka.

Alitoka mbio. Ngazi za kitivo cha sheria alizipanda bila kushika ukuta, akamkuta Kifungu anakunywa maji ya moto kwa ajili ya kifua chake.

"Mzee, ile rekodi ya awali. Niambie hukuiharibu."

"Binti yangu, iliharibiwa mbele yangu na mbele yako. Uliweka sahihi. Tena ulicheka ukasema nyundo imekosa mdundo."

Alikumbuka. Alikumbuka hadi rangi ya ile nyundo na vipande vya diski vilivyorukia chini ya kabati. Akakaa kwenye kiti cha wageni, mikono imelala mapajani kama si yake.

"Kwa mujibu wa kifungu cha—"

"Mzee, leo usinitajie kifungu. Nakuomba."

Kifungu akafunga mdomo. Ilionekana anatafuta namna ya kuzungumza bila namba na haioni. Mwishowe akasogeza kikombe chake cha maji ya moto upande wa Mwalimu, akasema, "Basi pole," na lilikuwa neno pekee la siku ile ambalo halikuwa na kifungu.

Nyumbani Mwalimu hakumwambia mtu. Kesho yake, jua la mchana likiwa limejaa dirishani, alijifungia chumbani na ile rekodi iliyobaki. Alijisemea kwamba hakuna mashine inayosafisha kila kitu. Hata sufuria iliyosuguliwa huwa na masizi mpinini. Labda mtoto mmoja kajificha mahali, labda robo ya wimbo, labda pumzi. Mtu ambaye maji yamemfika shingoni hachagui cha kushika. Akapandisha sauti mpaka masikio yakauma.

Benchi. Piano. Kimya.

Lakini hakikuwa kimya. Chini kabisa, kama nyuki aliyefungiwa ndani ya chupa, kulikuwa na kitu. Akarudisha nyuma. Piano iligonga, na kabla mlio haujafa, mguno mdogo wa puani ukaudaka, ukaushika palepale ulipo, ukautandika kama mkeka. Halafu pengo. Pale kwenye pengo ndipo mtoto alipokuwa akiimba.

Akasikiliza wimbo wa pili. Mguno. Wa tatu. Mguno. Akaruka hadi mwisho wa muhula, siku ile aliyoitaja kwenye sura ya nne kwamba "mwalimu hakutoa ishara yoyote ile." Mguno.

Kwanza aliituhumu mashine. Kisha akaituhumu feni ya darasani. Kisha, bila kukusudia, akiwa ameketi pale kitandani peke yake, akasikia kitu kinatetema puani mwake. Alikuwa anafuatisha.

"Wewe," akamwita bintiye aliyekuwa anaosha vyombo. "Hebu njoo."

Msichana alikuja na povu mikononi. Alikuwa amekua, amempita mama yake kimo, na kigugumizi kilikuwa bado kinamngoja nje ya kila neno kubwa.

"Kule darasani, nikishabonyeza piano, nilikuwa nafanya nini?"

"U-u-unatuanzishia."

"Nawaanzishia vipi? Nilikuwa nanyamaza!"

Binti akamtazama kama mtu anayetegewa mtego. "Mdomo u-ulikuwa umefunga. La-lakini puani u-unaanza. Hu-hujui?"

"Nani alikwambia?"

"Hakuna. Si tulikuwa tu-tunasubiri. Ukianza, na sisi tu-tunaingia. Siku ile ulipokuwa na ma-mafua, si hakuna aliyeimba? Ukatuambia tu-tumeamka vibaya."

"Mbona hukuniambia miaka yote hii?"

"Ni-nilidhani ndiyo so-somo lenyewe, mama."

Binti akarudi kwenye vyombo vyake. Mwalimu alibaki ameshika tama. Jana alikuwa mtu aliyepotelewa na ushahidi. Leo ushahidi ulikuwa mkononi, na ulisema hakuna alichogundua. Aliwanyima watoto ule ukimya na yeye ndiye aliyeuandikia kitabu. Alijaribu kulia, machozi yakagoma. Akajaribu kulala, nayo ikawa kazi bure. Akabaki anaibana pua yake kwa vidole viwili, kama mtu aliyemfumania mwizi na mwizi ni wa nyumbani.

Alhamisi asubuhi simu ikalia.

"Dada! Dada, uko wapi? Keti kwanza!" Mawimbi alikuwa anapiga kelele kama muuza magazeti. "Nimewapata!"

"Umempata nani?"

"Watoto! Mashine haitupi, dada, inagawa tu. Ilichokitoa ilikiweka kando, kwenye folda ya taka, na mimi kwa uvivu wangu sijawahi kuifuta. Uvivu oyee! Njoo!"

Alikwenda. Njia ni ileile lakini miguu haikuwa ileile. Kifungu alikuwa ameshafika, amevaa shuka shingoni kwa ajili ya kifua, na kwa mara ya kwanza tangu afahamike alionekana mwenye furaha ya kihuni.

"Kibali kinasema rekodi za awali ziharibiwe," akamwambia, kidole juu. "Za awali! Hii si ya awali. Hii ni takataka iliyotokana na uchakataji, na kuhusu takataka kibali kimenyamaza. Na idhini ya wazazi inaruhusu sauti zichezwe mbele ya jopo. Nimesoma mara mbili. Binti yangu, uko salama."

"Mzee leo umenikosha," Mawimbi akasema. "Hebu sikilizeni."

Akabonyeza. Sauti ya msichana mdogo ikatoka kwenye spika, peke yake, bila piano, bila benchi, bila ukuta. Ilianza tu, kama taa inavyowaka. Maneno yakafuatana hadi mwisho bila kujikwaa. Akafuata mvulana, naye vivyo hivyo. Mzee Kifungu alijifuta macho kwa ncha ya shuka akasingizia vumbi.

Mwalimu aliwatambua mmoja mmoja. Huyu aliyekuwa akijifinya paja kabla ya kuimba. Huyu aliyehamia kwa bibi yake. Na huyu, binti yake mwenyewe, sauti bado nyembamba kama uzi. Walikuwa wazuri mno. Ukiwasikia hivi, kila mstari wa tasnifu ulikuwa kweli tupu.

"Na ile sehemu nyingine?" akauliza. "Iliyobaki?"

"Ile ya mabenchi? Haina kitu. Kuna kamstari fulani huku chini kwenye picha ya mawimbi, kanakuja kanaondoka." Mawimbi akaguswa na sura yake. "Ni feni yenu tu, dada. Usiwe na wasiwasi, hakajaingia kwa watoto. Nimekata kama wembe."

Alikuwa hapo, mlangoni kabisa mwa kupona. Hakuna aliyejua zaidi yake na msichana mmoja anayeosha vyombo.

"Niwekee zote mbili," akasema. "Na kwenye faili jingine uziunganishe, kama zilivyokuwa."

"Za nini? Utawachosha wazee wa watu na mabenchi."

"Niwekee tu, kaka."

Ijumaa chumba cha jopo kilikuwa na meza ndefu na chupa za maji ambazo hazikufunguliwa. Mwenyekiti alikuwa mwanamama wa kemia mwenye miwani mikubwa, mtu wa haki asiyependa mzaha. Kando yake alikuwepo mtahini wa nje, profesa wa muziki, mzee mpole aliyetoka mbali na aliyekuwa akitikisa kichwa kwa mdundo hata pasipo na mdundo. Mawimbi na Kifungu walikaa kando kama wazazi wa bibi harusi. Binti alikaa nyuma kabisa.

Mwalimu alizungumza. Alizungumza vizuri, kwa sababu yale maneno alikuwa ameyakariri muda mrefu na mdomo ulikwenda wenyewe. Alipofika kwenye sauti, kidole kikaning'inia juu ya mafaili. Kikashuka kwenye lile la watoto peke yao.

Sauti zikaanza. Mtoto baada ya mtoto, kutoka kusikokuwa na kitu. Mtahini wa nje aliacha kutikisa kichwa. Zilipokwisha alivua miwani.

"Ajabu," akasema. "Kutoka kwenye ukimya mtupu. Mimi nimefundisha kuimba maisha yangu yote, sijawahi kusikia mtoto wa kawaida akianza hivi, seuze mwenye kigugumizi. Mwenyekiti, mimi sina swali." Akafikiri. "Labda moja, la utaratibu tu. Zile sauti nyingine zilizokuwa darasani, zilizotenganishwa, hazikuwa na jambo?"

Mwalimu alifungua mdomo. Mawimbi, kwa moyo mwema kabisa, akamuwahi.

"Hakuna, Profesa. Mabenchi na feni."

Kicheko chepesi kikapita mezani. Mwenyekiti alishika kalamu. Mlango ulikuwa wazi na mtu mwingine ndiye aliyeufungua. Mwalimu hakutakiwa kusema uongo hata mmoja. Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu, kitu ambacho kurasa zote zile zilisema anakiweza kuliko watu wote.

Akatazama nyuma. Binti yake alikuwa ameinamia sakafu, mabega yamepanda hadi masikioni, kama anavyokaa akijua neno linalokuja litamkwama.

"Si feni," Mwalimu akasema.

"Samahani?"

"Si feni, Profesa. Ni mimi."

Akabonyeza lile faili lililounganishwa. Piano ikagonga, na sasa aliyekuwa ameambiwa cha kusikiliza hakuweza kukikosa: mguno, halafu mtoto. Mguno, mtoto. Mawimbi alishika kichwa. Kifungu alitazama dari, na midomo yake ikawa inatafuta kifungu.

"Sikujua," Mwalimu akasema. "Nimejua juzi. Hawakuanza wenyewe hata siku moja. Nilikuwa nawashika mkono kila mara, na nikaandika kwamba mikono yangu ilikuwa mfukoni."

Mtahini wa nje alivaa tena miwani yake. "Lakini hata hili ni jambo," akasema taratibu. "Kwamba mguno mdogo hivi, ambao mwenyewe hausikii... Mwenyekiti, hili lingeweza kuwa tasnifu."

"Lingeweza," mwenyekiti akajibu. "Lakini si hii iliyo mezani. Iliyo mezani inasema kinyume, na mwanafunzi hana muda uliobaki." Alitazama karatasi zake, akazigonga zikae sawa, ingawa zilikuwa sawa. Sauti ikalainika kidogo. "Mwalimu, umefanya jambo la haki. Itabidi utoe tasnifu."

Mwalimu akaisikia ile sentensi, na kitu kama kicheko kikampanda kifuani, kicheko kibaya.

"Nitoe kwa maana ipi, mheshimiwa?"

Mwenyekiti alikuwa amesimuliwa kisa cha ule ujumbe. Chuo kizima kilikuwa kimesimuliwa. Hakutabasamu.

"Kwa maana aliyoielewa huyu bwana wa fizikia."

Mawimbi alimfuata hadi mlangoni. "Dada, ungeniachia mimi na feni yangu," akamnong'oneza, macho mekundu. "Mtu ukapumzika." Mwalimu akamgusa bega na kupita. Alikuwa anawaza piano, nani ataihamisha, na kama wenye viti vibovu wataisubiri hata hadi Jumatatu.

Varanda ilikuwa ndefu, ina harufu ya dawa ya sakafu. Binti alimkimbilia, akamshika mkono, akafungua kinywa.

"M-m-m..."

Neno lilikwama. Shingo ya msichana ikakaza, kope zikaanza kupepesa, wanafunzi wawili waliokuwa wakipita wakageuka kutazama. Mwalimu alisimama. Alibana midomo, akabana na pua, akanyamaza. Akanyamaza ukimya wa kweli, ule ambao hakuwahi kuwapa hata mara moja, kwa sababu bado kulikuwa na sehemu ndani yake iliyosema: hebu tuone, huenda niliandika kweli, huenda.

"M-m-m-m..."

Akasubiri. Binti alimtazama usoni, akitafuta kitu kilichozoea kuwepo pale na leo hakipo. Jasho likamtoka juu ya mdomo. Akasubiri tena. Machozi yakaanza kumlenga msichana.

Hapo Mwalimu akashindwa. Akaachia puani, kidogo tu, kama nyuki ndani ya chupa.

"Mkoba," binti akasema. "Mkoba wako umeuacha ndani."

Wakasimama wameshikana mikono, wanautazama ule mlango uliofungwa, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kurudi kuugonga.